Uchovu wa misuli kwa wanasoka wa kike: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila msimu maswali ni yale yale. Mchezaji anauliza mbona miguu bado mizito Jumanne ilhali alicheza Jumapili. Kocha anataka kujua kama amempumzisha mtu bure. Mzazi ana wasiwasi na binti yake wa miaka kumi na mitano anayelala njiani akitoka mazoezini. Tumeyakusanya hapa, tukianza na ya msingi na kuishia kwenye hali zisizo za kila siku. Si lazima usome mfululizo. Jibu likitegemea jingine, tumetaja namba yake. Pale tulipoandika "muone daktari", hatujaandika kwa adabu tu.

## Mambo ya msingi

1. Uchovu wa misuli ni nini hasa?

Ni msuli kushindwa kutoa nguvu uliyokuwa ukiitoa muda mfupi uliopita. Angalia kwamba maumivu hayamo katika maana hiyo. Unaweza kuwa umechoka bila kuumwa popote, na unaweza kuumwa huku nguvu zako zimesharudi.

Uchovu huanzia sehemu mbili. Ya kwanza ni ndani ya msuli wenyewe: fosfeti hurundikana, potasiamu hutoka nje ya seli, kalsiamu inayoamuru nyuzi zijikunje haitolewi vizuri, na akiba ya glaikojeni (wanga uliohifadhiwa msulini) hupungua. Ya pili ni ubongo na uti wa mgongo, ambapo amri inayotumwa kwa msuli huja hafifu. Ndiyo maana mtu aliyelala vibaya huhisi miguu mizito hata kabla ya kupasha.

2. Mechi moja inachosha kiasi gani?

Mchezaji wa kike wa kiwango cha juu hukimbia na kutembea takriban kilomita 10 kwa mechi, na moyo wake hupiga kwa wastani wa karibu asilimia 85 ya uwezo wake wa juu kabisa. Lakini kilomita zenyewe hazisemi mengi. Sehemu kubwa ya hizo 10 ni kutembea na kukimbia polepole, kazi ambayo mwili wenye mazoezi haiusumbui. Kinachoacha deni ni kuchomoka kwa kasi, kukata kasi ghafla, kugeuka, kuruka na kutua, kupigana vikumbo. Winga na beki wa pembeni hulipa zaidi kwa mbio za kasi, kiungo hulipa kwa kutopata nafasi ya kusimama.

Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, mwaka 1991 nchini China, lilichezwa kwa dakika 80 badala ya 90. Lililofuata, la 1995, lilichezwa kwa dakika 90 na hakuna aliyeanguka kwa sababu ya zile kumi.

3. Je, maumivu ya kesho yake yanaletwa na asidi ya laktiki?

Hapana, ingawa utaendelea kulisikia hilo kwenye kila uwanja. Lakteti, yaani umbo la asidi hiyo ndani ya mwili, hupanda wakati wa kazi kali na kushuka hadi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama. Kesho yake asubuhi, unaposhuka ngazi ukishikilia ukuta, haipo tena. Tena si uchafu: moyo na misuli huitumia kama nishati.

4. Basi kwa nini siku ya pili huuma kuliko ya kwanza?

Kwa sababu ya kukata kasi na kutua. Unapofunga breki, msuli wa paja unavutwa huku wenyewe ukijitahidi kujikunja. Kazi ya namna hiyo huacha michaniko midogo sana kwenye nyuzi. Mwili huitikia kwa uvimbe wa ukarabati, na huo ndio unaochukua muda kujenga maumivu: kwa kawaida hufika kilele kati ya saa 24 na 72.

Habari njema ni kwamba msuli hujifunza. Ukirudia kazi ileile baada ya wiki moja au mbili, uharibifu huwa mdogo zaidi. Ndiyo sababu wiki za mwanzo wa msimu huuma kuliko wiki yoyote nyingine, na ndiyo sababu mazoezi ya nguvu kwa misuli ya nyuma ya paja, hasa yale ya kujishusha polepole ukiwa umepiga magoti huku mwenzako ameshika vifundo vya miguu, hulipa hata kama leo unayachukia.

## Saa 72 baada ya kipenga cha mwisho

5. Nahitaji siku ngapi ili nirudi sawa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na tatizo lake ni neno "sawa". Mwili haurudi wote kwa pamoja. Kila sehemu ina saa yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuata wachezaji wa kike wa kiwango cha juu waliocheza mechi mbili zilizotenganishwa na takriban saa 72. Mbio fupi za kasi zilirudi katika hali ya kawaida ndani ya saa 5. Nguvu ya misuli ya mbele ya paja ilichukua takriban saa 27. Ile ya nyuma ya paja ilichukua takriban saa 51. Uwezo wa kuruka juu ulikuwa bado uko chini saa 69 baada ya mechi ya kwanza, yaani wakati ambapo timu zilikuwa zinajiandaa kuingia tena uwanjani.

Ukiitazama vizuri orodha hiyo, utaona mtego uliomo. Kocha huwatoa wachezaji mbio za mita 20 siku ya pili, anaona muda ni mzuri, anasema wako tayari. Kumbe mbio za moja kwa moja ndizo hurudi mapema kuliko vyote. Misuli ya nyuma ya paja, ambayo ndiyo breki ya goti na ndiyo inayochanika mara nyingi mtu anapochomoka, bado ina deni. Mchezaji naye hujidanganya vivyo hivyo: akihisi mwepesi anapokimbia, anaamini amepona.

Kwa mpango wa wiki, hesabu ya kufaa ni hii: siku ya kwanza baada ya mechi ni ya kupona, siku ya pili ni kazi nyepesi ya mpira bila kugeuka kwa nguvu, na mazoezi makali yaanze siku ya tatu kwa walio wengi. Aliyecheza dakika 90 na aliyecheza 15 wasifanye kitu kimoja (angalia swali la 21).

6. Ratiba yetu ina mechi mbili kwa wiki. Tufanyeje?

Msijaribu kujenga kitu katikati ya wiki. Kati ya mechi mbili zilizokaribiana hakuna nafasi ya kuongeza pumzi wala nguvu. Kuna nafasi ya kula, kulala na kukumbushana mbinu. Zungusheni kikosi. Tangu 2022 sheria za mchezo zinaruhusu kwa kudumu mabadiliko matano katika mashindano ya juu, na kocha anayemaliza mechi akiwa na nafasi mbili hajazitumia ameacha mapumziko mezani.

Zoezi moja lisiachwe: nguvu. Kipindi kifupi chenye uzito wa kutosha na marudio machache, siku iliyo mbali zaidi na mechi, kinatosha kushikilia ulichojenga. Timu nyingi huliacha kabisa ratiba ikibana, halafu baada ya miezi miwili zinashangaa majeruhi wametoka wapi.

## Mwili wa mwanamke

7. Je, wanawake huchoka haraka kuliko wanaume?

Katika kazi nyingi za kulinganishwa kwa haki, yaani kila mtu akifanya asilimia ileile ya uwezo wake, mambo huwa kinyume: misuli ya wanawake huhimili muda mrefu zaidi. Kwa wastani wana sehemu kubwa zaidi ya nyuzi za polepole zisizochoka upesi, na katika kazi ya wastani huchoma mafuta zaidi na kutunza glaikojeni. Tofauti hiyo hupungua kazi inapokuwa ya kasi na mlipuko.

Wanachokosa mara nyingi si ustahimilivu bali miaka ya mazoezi ya nguvu, uwanja mzuri, mtaalamu wa tiba ya viungo, na muda wa kulala. Ukilinganisha timu mbili zenye huduma tofauti, unapima huduma.

8. Hedhi inabadilisha uchovu? Nipange mazoezi kwa mzunguko wangu?

Ukichukua wanawake wengi kwa pamoja, tofauti ya uwezo kati ya awamu za mzunguko ni ndogo mno. Huenda siku za mwanzo za hedhi uwezo hushuka kidogo sana. Lakini wastani haumjui mtu. Wapo wasiohisi chochote na wapo wanaopoteza siku mbili kila mwezi kwa maumivu, kutoka damu nyingi na kukosa usingizi.

Nusu ya pili ya mzunguko, baada ya yai kupevuka, joto la mwili hupanda kwa takriban nyuzi 0.3 hadi 0.5. Kwa wengine hili huharibu usingizi na kufanya mechi ya jua kali ionekane ndefu zaidi.

Chelsea ya wanawake chini ya Emma Hayes ilijulikana mwaka 2020 kwa kufuatilia mizunguko ya wachezaji na kurekebisha mazoezi ya mtu mmoja mmoja. Maneno muhimu hapo ni "mtu mmoja mmoja". Hakuna ratiba moja ya kufaa kikosi kizima, na wale wanaouza ratiba za aina hiyo wanauza uhakika ambao sayansi haijautoa. Andika siku ya kwanza ya hedhi, usingizi na hali ya miguu kwa miezi mitatu au minne. Mkondo ukijirudia, una kitu cha kumwonyesha kocha. Usipojirudia, fanya mazoezi kama kawaida. Na daftari hilo ni lako: hakuna mchezaji anayelazimika kusoma siku zake mbele ya timu.

9. Nina maumivu ya hedhi siku ya mechi. Nicheze?

Ukijihisi unaweza, hakuna madhara kwa misuli. Joto tumboni, kupasha taratibu na dawa ya maumivu uliyokwisha kuizoea husaidia (soma kwanza swali la 17). Maumivu yanayokutoa uwanjani kila mwezi, au damu inayojaza pedi kila saa, si ya kuvumilia. Muone daktari.

10. Vidonge vya uzazi wa mpango vinapunguza nguvu?

Kwa wengi, athari kwenye uwezo ni ndogo kiasi cha kutoonekana uwanjani. Chagua njia kwa sababu za afya na maisha yako. Ila kumbuka jambo moja: damu inayotoka ukiwa unatumia vidonge si hedhi ya kweli, kwa hiyo haiwezi kukuhakikishia kwamba mwili unapata chakula cha kutosha (swali la 20).

11. Uchovu ndio unaochana kano ya goti?

Kano ya mbele ya goti, ile wachezaji wengi huiita ACL, huchanika kwa wanasoka wa kike mara 2 hadi 3 zaidi kuliko kwa wanaume. Watu hupenda kulaumu dakika za mwisho, lakini sehemu kubwa ya majeraha haya hutokea kipindi cha kwanza. Uchovu ni sehemu ya hadithi, hasa ule wa wiki nzima ambao mtu huingia nao uwanjani. Sehemu nyingine ni jinsi anavyotua, anavyogeuka, na nguvu za nyonga na nyuma ya paja.

Dawa iliyopimwa ni kupasha kwa mpangilio. Programu ya FIFA 11+ huchukua dakika 20 hivi na haihitaji vifaa zaidi ya mpira. Ilipojaribiwa nchini Norwei kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha majeraha kwa jumla yamepungua kwa takriban theluthi moja, na yale mabaya kwa karibu nusu. Haifanyi kazi ikifanywa mara moja moja, na haifanyi kazi manahodha wakiifanya huku wakipiga soga.

## Kula, kunywa, kulala

12. Nile nini baada ya mechi?

Wanga kwanza. Ukiwa na mechi nyingine ndani ya siku mbili tatu, lenga takriban gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito wako kwa saa, kwa saa nne za mwanzo. Mchezaji wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hivi kila saa, ambayo ni sahani ya maana, si kipande cha tunda. Ongeza protini gramu 20 hadi 25 kwenye mlo huo na kwenye milo inayofuata, ukifikisha takriban gramu 1.6 kwa kilo kwa siku. Tumbo likikataa chakula kigumu, maziwa hufanya kazi nzuri: yana maji, wanga, protini na chumvi kwa pamoja.

Kama mechi ijayo ni baada ya wiki, huna haja ya kupima kwa saa. Kula vizuri siku nzima, basi.

Kosa tunaloliona zaidi ni la kukwepa wanga kwa kuogopa kunenepa. Mchezaji anakula mboga na kipande cha nyama usiku wa mechi, halafu Jumatano analalamika miguu haina mafuta ya taa.

13. Maji kiasi gani?

Jipime uzito kabla na baada ya mechi. Kwa kila kilo iliyopotea, kunywa takriban lita 1.5 ndani ya saa chache zinazofuata, pamoja na chakula chenye chumvi ili maji yabaki mwilini. Kunywa maji matupu kupita kiasi nako kuna hatari. Ukimaliza mechi na uzito mkubwa kuliko ulioanza nao, ulizidisha.

14. Usiku wa mechi silali. Ni kawaida?

Ni kawaida sana. Mechi ya usiku, taa kali, hasira ya penalti iliyokosa, kahawa ya kabla ya mchezo: vyote hukaa mwilini. Kafeini iliyonywewa saa mbili za usiku bado ina nguvu saa sita usiku. Usijilazimishe kulala, punguza mwanga, kula, oga maji ya uvuguvugu, weka simu mbali. Kesho yake lala kidogo mchana, dakika 20 hadi 30.

Lengo la jumla ni saa 7 hadi 9 kila usiku. Ukilazimika kuchagua kitu kimoja tu katika ukurasa huu mzima, chagua hiki. Hakuna barafu wala soksi za kubana zinazofidia usiku wa saa tano.

15. Nachoka kuliko wenzangu hata kwenye mazoezi mepesi. Ni uvivu?

Kabla ya kujiita mvivu, pima damu. Hedhi, jasho na mguu unaogonga ardhi maelfu ya mara vyote hupunguza chuma, na upungufu wa chuma huja kimyakimya. Katika kikosi cha taifa cha Sweden, matokeo yaliyochapishwa 2005 yalikuta zaidi ya nusu ya wachezaji 28 wana upungufu wa chuma, na karibu 3 kati ya 10 wana anemia (upungufu wa damu). Hao walikuwa wanajiandaa kwa Kombe la Dunia.

Omba kipimo cha himoglobini pamoja na feritini (kinachoonyesha akiba ya chuma), kwa maana himoglobini inaweza kuwa nzuri huku akiba imekwisha. Madaktari wengi wa michezo huanza kuchukua hatua feritini ikiwa chini ya mikrogramu 30 kwa lita. Usimeze vidonge vya chuma kwa kukisia. Chuma kikizidi ni sumu.

## Barafu, masaji na vidonge

16. Kuoga maji ya barafu, masaji, kunyoosha, kukimbia taratibu: kipi kinafanya kazi?

Maji baridi ya nyuzi 10 hadi 15 kwa dakika 10 hadi 15 hupunguza maumivu, na yanafaa kwenye mashindano yenye mechi zilizobanana. Yasiwe mazoea baada ya kila kipindi cha nguvu, kwa sababu yakitumika hivyo kwa wiki nyingi hupunguza ukuaji wa msuli. Masaji hupunguza maumivu kidogo na humtuliza mtu. Soksi na suruali za kubana zina faida ndogo. Kunyoosha baada ya mechi hakuzuii maumivu ya kesho yake kwa kiasi cha kuhisika.

Kukimbia taratibu au kuendesha baiskeli siku inayofuata hukufanya uhisi mwepesi. Lakini katika utafiti ule wa swali la 5, kundi lililofanya mazoezi mepesi ya kupona halikurudi mapema kuliko lililopumzika. Kwa hiyo ukipenda fanya, usipopenda lala. Tunajua makocha wengine hawatafurahia jibu hili.

17. Naweza kumeza ibuprofeni kabla ya mechi ili nisihisi maumivu?

Usiifanye desturi. Dawa za kundi hilo huumiza tumbo, huelemea figo hasa ukiwa umepungukiwa maji, na huficha ishara ambayo ungepaswa kuisikiliza. Kwa maumivu ya hedhi, kwa siku moja au mbili, ni jambo tofauti, mradi huna vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala pumu inayochochewa na dawa hizo.

18. Na kreatini?

Ni miongoni mwa virutubisho vichache vyenye ushahidi wa kutosha: gramu 3 hadi 5 kwa siku, husaidia mbio fupi zinazorudiwa na mazoezi ya nguvu. Unaweza kuongezeka uzito kidogo kwa maji yanayoingia msulini. Ukicheza kwenye mashindano yenye upimaji wa dawa, tumia bidhaa iliyopimwa na maabara huru pekee. Kopo lenye kitu kilichopigwa marufuku litakuwa kosa lako hata kama hukujua.

## Uchovu unapokuwa zaidi ya uchovu

19. Nitajuaje kwamba sijapona?

Anza na swali la kizamani: kwa kipimo cha 0 hadi 10, mazoezi ya leo yalikuwa magumu kiasi gani? Zidisha jibu kwa dakika ulizofanya. Mazoezi ya dakika 70 yenye ugumu wa 6 ni 420. Jumlisha ya wiki, linganisha na wiki zilizopita. Wiki inayoruka ghafla juu ya kawaida yako ndiyo ya kuangalia.

Ongeza mambo matatu ya asubuhi: usingizi, maumivu, hamu ya kucheza. Kama mna njia ya kupima urefu wa kuruka, pima asubuhi ileile kila wiki. Uwezo ukishuka na kubaki chini kwa wiki kadhaa licha ya kupumzika, pamoja na homa za mara kwa mara au hasira zisizo na sababu, hiyo si miguu mizito tena. Muone daktari.

20. Hedhi yangu imekatika tangu msimu uanze. Wenzangu wanasema ni ishara ya kuwa fiti.

Wenzako wamekosea, na kosa hili lina gharama. Mwili usiopata chakula cha kutosha kulingana na kazi unayoufanyisha huanza kuzima shughuli, na uzazi ni miongoni mwa za kwanza. Mifupa hudhoofika, majeraha hayaponi, uchovu hauishi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliiita hali hii upungufu wa nishati katika michezo, kwa kifupi RED-S, ikipanua yale yaliyokuwa yakielezwa kwa wanawake pekee.

Si lazima uwe mwembamba. Si lazima uwe unajinyima kwa makusudi. Mtu anayetoka kazini, kwenda mazoezini na kurudi usiku akiwa hana hamu ya kula anaweza kufika huko bila kujua. Ukikosa hedhi miezi mitatu, muone daktari, kwanza kuhakikisha si ujauzito. Tiba ya msingi ni chakula zaidi na kazi kidogo, na huchukua miezi.

## Hali za pekee

21. Mimi hukaa benchi. Nami nipumzike kesho yake?

Hapana. Tatizo lako ni kinyume: ukikosa mechi tatu, mwili unakosa mbio za kasi kabisa, na siku ukianza kikosini unachanika. Fanya mbio za kasi chache mara baada ya mechi au kesho yake.

22. Msuli hukaza dakika ya 80. Ni chumvi?

Mara nyingine, kwa wanaotoka jasho jingi lenye chumvi. Mara nyingi zaidi ni msuli uliochoka ambao neva zake zimepoteza mizani. Ndiyo maana kuunyoosha polepole hufungua kwa sekunde chache, muda ambao chumvi haiwezi kufika popote. Ukikaza kila mechi, shida huwa ni utayari: hufanyi mazoezi kwa kasi unayochezea.

23. Mkojo umekuwa rangi ya kahawia baada ya mazoezi makali.

Nenda hospitali leo. Nyuzi nyingi za msuli zikivunjika kwa pamoja, vilivyomo humwagika kwenye damu na huweza kuua figo. Hutokea zaidi kwenye joto, baada ya kurudi kutoka likizo ndefu, au pale mazoezi yanapotolewa kama adhabu.

24. Binti yangu ana miaka 14, anacheza timu mbili.

Jumlisha dakika za timu zote, kwa sababu makocha wake hawazijumlishi. Katika miezi ya kurefuka haraka, maumivu chini ya goti au kisiginoni ni ya kawaida na huhitaji kupunguza mzigo. Apate angalau siku moja au mbili bila mpira kila wiki. Akifika miaka 15 bila kuona hedhi, apelekwe kwa daktari.

25. Nimejifungua. Nirudi lini?

Kanuni za FIFA, tangu Januari 2021, zinampa mchezaji wa kulipwa likizo ya uzazi ya angalau wiki 14, nane kati yake baada ya kujifungua. Hiyo ni haki ya kazi, si kipimo cha misuli. Wataalamu wa tiba ya viungo hushauri kutoanza kukimbia kabla ya wiki 12, na hata hapo baada ya kupimwa misuli ya sakafu ya nyonga. Mkojo ukivuja ukiruka, au ukihisi uzito ukeni, rudi hatua moja nyuma. Anayenyonyesha ahesabu pia nishati na maji ya maziwa, na usingizi uliokatika vipande vipande: kupona kwake kutakuwa kwa polepole kuliko namba za swali la 5.

26. Nafanya kazi ya kusimama kutwa, kisha mazoezi jioni. Ushauri wote huu unanihusu?

Unakuhusu kuliko anayelipwa kucheza. Saa nane za kusimama ni mzigo. Mwambie kocha aziandike. Kula kitu chenye wanga saa moja au mbili kabla ya mazoezi badala ya kuingia na njaa ya mchana. Siku ambayo zamu ilikuwa ngumu, omba kupunguza kipindi cha mwisho cha mbio badala ya kukosa mazoezi yote. Na kama mechi ni Jumapili na zamu yako inaanza alfajiri ya Jumatatu, jaribu kubadilishana na mwenzako kazini. Ikishindikana, mazoezi makali ya wiki hiyo yasogezwe hadi Alhamisi.